Sumu ya Mti wa Shimba Hills na Anwani Iliyokosekana

Mama mdogo aliitandaza karatasi juu ya meza, akailainisha mikunjo kwa kiganja, kisha akanisogezea miwani yake kana kwamba macho yaliyozeeka ni yangu. "Haya, wewe uliyesoma. Hii tatu yenye jumlisha ni heri au ni shari?"

Ilikuwa ripoti ya maabara ya patholojia. Wiki tatu nyuma alikuwa ametolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupima, kwenye titi la kushoto, na ukurasa ulijaa maneno ambayo hata sista aliyemkabidhi aliyapita mbio. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu: ER hasi, PR hasi, HER2 chanya, 3+.

"Ni shari, mama," nikamwambia, "ila ina dawa yake."

Yeye jibu hilo lilimtosha. Mimi halikunitosha, maana lau angenibana nimweleze dawa hiyo inafanya nini, nisingekuwa na la ziada ila "inalenga kansa." Inalenga vipi? Dawa ikishaingia kwenye mshipa wa mkono huzunguka mwili mzima, kuanzia kidole cha mguu hadi utosini. Haina macho. Haya yafuatayo ndiyo maelezo ambayo ningempa siku ile kama ningekuwa nayo.

ER na PR ni protini za kupokea homoni, hizo leo tuziache. Tuanze na hiyo HER2. Kila seli ya mwili imevikwa utando mwembamba, na utando huo umechomekwa protini chungu nzima zinazopokea habari kutoka nje. HER2 ni mojawapo. Kazi yake ya halali ni kusaidia kupeleka ndani ya seli amri ya kukua na kugawanyika. Seli ya titi yenye afya huwa na HER2 makumi ya maelfu. Katika baadhi ya saratani, jeni inayoitengeneza hujinakili kupita kiasi, na seli moja huweza kubeba hadi milioni 2. Hapo amri ya kugawanyika hailali usiku wala mchana.

Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinyama 189 vya saratani ya matiti. Wagonjwa waliokuwa na nakala nyingi za jeni hii ndio walioonekana kurudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Mama mdogo angepata karatasi yake mwaka ule, jibu lingekuwa shari tupu. Kati ya kila saratani 100 za matiti, 15 hadi 20 ni za namna yake.

Lakini kinachoipa saratani hii ukali ndicho kinachoianika. Seli yenye HER2 milioni 2 usoni haiwezi kujifanya jirani mwema.

Maabara huzionaje? Kinyama hukatwa kipande chembamba kuliko karatasi, kikabandikwa kwenye kioo, kisha kikamwagiwa kingamwili inayonata kwenye HER2 peke yake. Juu yake huongezwa kitu cha kuacha rangi ya kahawia mahali iliponata. Daktari wa patholojia huinamia darubini. Akiona seli zimezungushiwa duara nene la kahawia, lililofunga pande zote, kama alama ya kikombe cha chai iliyobaki mezani, huandika 3+. Duara likiwa hafifu na limekatikakatika, huandika 1+. Pasipokuwa na kitu, 0. Ile 2+ ndiyo ya utata, na kinyama hurudishwa kwa kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe. Nawaomba muikumbuke ile 1+, tutairudia.

Mmeona kwamba kipimo chenyewe kilitumia kingamwili. Kitu kilekile kinachotafuta ugonjwa kwenye kioo ndicho kitakachoutafuta mwilini.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu ndiyo inayoshika, na kwenye ncha ya kila mkono kuna vitanzi sita vidogo vinavyoamua itashika nini. Shina la chini halishiki ugonjwa. Kazi yake ni kuwaita askari wengine wa kinga waje wamalize kazi, na pia huipa kingamwili maisha marefu: seli zinazotandika mishipa ya damu hulitambua na kulirudisha kwenye damu badala ya kulisaga. Ndiyo maana mama mdogo anarudi kliniki kila wiki tatu, si kila siku.

Mtoto akiugua surua mara moja, hubaki na kingamwili za surua maisha yake yote. Mbona basi mwili haujitengenezei za saratani? Kwa sababu saratani ni mtoto wa nyumbani. HER2 ni protini yetu wenyewe, na kinga imefunzwa tangu utotoni isiwaguse wa nyumbani. Basi ikabidi kingamwili hizo zitafutwe kwa jirani, na jirani mwenyewe akawa panya.

Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. César Milstein, mzaliwa wa Argentina, na Georges Köhler, Mjerumani, walikuwa na tatizo la kawaida la maabara. Ukimdunga panya kitu kigeni, seli za bandama lake hutengeneza kingamwili nzuri, lakini ukizitoa ukaziweka kwenye kisahani hufa baada ya siku chache. Wakaziunganisha na seli za saratani ya uboho wa panya, ambazo hazijui kufa. Kilichozaliwa kilirithi kwa wazazi wote wawili: kinatoa kingamwili ya aina moja tu, na kinaendelea kuitoa bila kikomo. Saratani yenyewe ndiyo iliyokopwa uhai wa kutengenezea silaha. Uvumbuzi huo haukusajiliwa hataza, jambo ambalo limewasikitisha wanasiasa wa Uingereza kwa miaka mingi, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Watu walidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kingamwili ya kwanza ya namna hii kuruhusiwa Marekani kama dawa, mwaka 1986, ilikuwa ya kuzuia mwili usikatae figo la kupandikizwa, na ilikuwa ya panya mtupu. Mwili wa binadamu huitambua protini ya panya kuwa ngeni, ukaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya kingamwili. Zaidi ya hapo, shina la panya haliwaiti vizuri askari wetu.

Hapa ndipo uhandisi unapoanza, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuchukua sehemu za panya zinazoshika na kuziunga kwenye shina la binadamu. Hatua ya pili ilikuwa ya fundi hasa: mwaka 1986 Greg Winter na wenzake, Cambridge hiyohiyo, walionyesha kwamba hata mkono mzima hauhitajiki. Vile vitanzi vya ncha tu vinaweza kung'olewa kwa panya vikapandikizwa kwenye kingamwili ya binadamu, na bado ikashika. Baadaye zikaja njia za kupata kingamwili za kibinadamu tangu mwanzo hadi mwisho, na Winter naye akapewa Nobel mwaka 2018.

Historia hiyo utaisoma kwenye kichupa chenyewe ukijua pa kutazama. Dawa za zamani zinazoishia na -omab ni za panya. Zenye -ximab ni mchanganyiko, kama rituximab. Zenye -zumab zimebaki na vitanzi tu vya panya, na zenye -umab bila hiyo z ni za binadamu. Mwaka 2017 utaratibu wa majina ulibadilishwa, kwa hiyo usiutumie kwa dawa zote mpya. Lakini kwa trastuzumab, dawa ya mama mdogo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Herceptin, z hiyo ipo. Kampuni ya Genentech ya California ilianza na kingamwili ya panya iliyoitwa 4D5, ikaipa mwili wa binadamu, kazi iliyochapishwa mwaka 1992. Kuitengeneza kwa wingi kuna kioja chake: jeni yake imewekwa ndani ya seli zilizotokana na ovari ya buku mdogo wa China, nazo hufugwa ndani ya matangi makubwa ya chuma, kisha kingamwili huchujwa kutoka kwenye mchuzi wao.

Marekani iliiruhusu Septemba 1998. Utafiti mkuu, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuwa na wanawake 469 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa. Waliopewa kemo peke yake, yaani dawa za kawaida za kuua seli zinazogawanyika, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 20.3. Walioongezewa trastuzumab, miezi 25.1. Miezi mitano hivi. Kuna atakayesema ni kidogo, nami namwelewa. Lakini mwaka 2005 yalipotoka matokeo ya wanawake waliopewa mapema, baada ya upasuaji, uwezekano wa ugonjwa kurudi ulipungua kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwahi na kuchelewa.

Ikifika kwenye seli, trastuzumab hushika HER2 na kuvuruga ile amri ya kugawanyika, na shina lake huita seli za kinga zije zishambulie. Tatizo ni kwamba haijui lolote kuhusu saratani. Inajua HER2, basi. Mama mdogo alinuna alipoambiwa akapimwe moyo kwanza kabla ya kuanza dawa ya titi. "Mimi naumwa huku, wao wananitazama kule." Sababu ni kwamba seli za misuli ya moyo nazo zina HER2, chache, na zinaitegemea kujikarabati wakati wa taabu. Dawa hii ikipewa sambamba na zile kemo kali za rangi nyekundu, ambazo zenyewe hujeruhi moyo, hatari hupanda sana: katika utafiti ule wa 2001, asilimia 27 ya waliopewa vyote kwa pamoja walipata hitilafu ya moyo. Siku hizi haviendeshwi pamoja hivyo, na moyo hupimwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Mara nyingi hitilafu hupungua dawa ikisimamishwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa kingamwili ni hili: nani mwingine anaishi kwenye anwani hii? Jibu si lazima liwe "hakuna." Rituximab, iliyoruhusiwa mwaka 1997, hulenga protini iitwayo CD20 iliyoko kwenye seli B, zile seli za kinga ambazo ukoo wake ndio hutengeneza kingamwili, ziwe za saratani au zenye afya. Inazimaliza zote. Lakini mwili huweza kuishi bila seli B kwa miezi kadhaa, na uboho huzitengeneza upya kwa sababu seli mama zake hazina CD20. Hilo ni jambo la karibu nasi, kwa kuwa limfoma ya Burkitt, ile ya watoto wanaovimba taya, ilielezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt alipokuwa Mulago, Kampala, miaka ya 1950, nayo ni saratani ya seli B. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto na vijana 328 wenye limfoma za namna hiyo zilizokwisha kukolea. Baada ya miaka mitatu, asilimia 93.9 ya walioongezewa rituximab walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa wala kupatwa na balaa jingine, dhidi ya asilimia 82.3 ya waliopata kemo tu.

Sasa twende Kwale.

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini, kisha ukapanda mlima, unafika Shimba Hills, msitu wa vilima unaopigwa na upepo wa bahari. Humo kuna mti wa jamii ya Maytenus, na maandishi ya mimea dawa yanasema Wadigo waliutumia kutibu uvimbe zamani. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, alitangaza kwamba amepata sumu kutoka kwa mti wa ukoo huo uliochumwa Ethiopia, akaiita maytansine. Ule wa Kenya ukaonekana kuwa nayo zaidi, ingawa "zaidi" hapa ina maana tani nzima ya mti kutoa gramu chache tu. Basi katika miaka hiyo ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya kilo 27,215 kutoka Shimba Hills. Waliporudi miaka minne baadaye kutaka shehena nyingine, miti ilikuwa haijachipua ya kutosha.

Maytansine huzuia seli isigawanyike kwa kuvuruga nyuzi zinazovuta kromosomu kila upande, na kwenye vyombo vya maabara iliua seli za saratani kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Kwa wagonjwa ilikuwa msiba. Walitapika, wakaharisha, mishipa ya fahamu ikaumia, na uvimbe haukupungua kiasi cha kuhalalisha mateso hayo. Ikawekwa kabatini.

Haikuwa sumu mbaya. Ilikuwa sumu isiyo na anwani, na kingamwili ni anwani isiyo na sumu kali. Ukiyatazama hivyo, lililofuata linaonekana rahisi, ingawa lilichukua zaidi ya miaka 30: yafunge pamoja. Ugumu wote uko kwenye kifungo. Kikilegea, sumu humwagika kwenye damu na tumerudi kulekule. Kikikaza mno, sumu haifunguki hata ndani ya seli. Jaribio la mapema la wazo hili, dawa ya saratani ya damu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, liliondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya madhara, likarejeshwa mwaka 2017 kwa dozi iliyopunguzwa.

Trastuzumab iliyobebeshwa mjukuu wa maytansine iliruhusiwa Februari 2013. Jina lake ni trastuzumab emtansine, na ukilisoma polepole utamsikia Maytenus mlemle. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli tatu na nusu za sumu. Inashika HER2, seli inaimeza, inaipeleka kwenye tumbo lake la kusagia, kingamwili inasagwa, na hapo ndipo sumu inapobaki huru ikiwa tayari imo ndani ya nyumba. Hakuna tena anayekata mti wa Shimba Hills kwa kazi hii, kwani malighafi hutoka kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi. Lakini ningependa siku moja kuona kibao pale langoni mwa hifadhi.

Baada yake, mwaka 2019, ilikuja trastuzumab deruxtecan. Anwani ni ileile, ila mzigo ni tofauti: kingamwili moja hubeba molekuli nane hivi, na sumu yenyewe ni ya ukoo wa dawa iliyopatikana kwenye mti mwingine, wa China, mwaka 1966. Tofauti kubwa ni kwamba sumu hii, ikishafunguka ndani ya seli moja, inaweza kupenya nje ikaua na jirani. Hilo linageuza hesabu. Uvimbe si jeshi lililovaa sare moja, kwani ndani yake zimo seli zenye HER2 nyingi, chache, na zisizo nayo kabisa. Ukiwa na sumu inayopenya, inatosha chache zifungue mlango.

Na hapo ndipo inaporudi ile 1+. Kwa zaidi ya miaka 20, mwanamke mwenye 1+ aliambiwa "wewe ni hasi, dawa hii si yako." Juni 2022, kwenye mkutano wa madaktari wa saratani mjini Chicago, yalisomwa matokeo ya wagonjwa 557 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na ilikuwa 1+, au 2+ isiyo na nakala za ziada za jeni. Waliopewa kemo ya kawaida, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 16.8. Waliopewa deruxtecan, miezi 23.4. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Saratani za kiwango hicho cha chini ni karibu nusu ya saratani zote za matiti, yaani kundi ambalo jana lilikuwa nje ya mlango.

Dawa hii nayo ina meno. Mapafu ya mgonjwa 1 kati ya 8 hivi katika utafiti huo yalivimba kwa ndani kwa sababu ya dawa, na wachache walifariki kwa hilo. Kikohozi kikavu kwa mtu anayepewa deruxtecan si cha kungojea tangawizi na asali. Ni cha kumpigia daktari siku hiyohiyo.

Yapo matawi mengine ambayo leo nayapita. Kuna kingamwili zenye mikono ya aina mbili, mmoja ukishika saratani na mwingine ukishika askari wa kinga, ili zivutwe uso kwa uso. Kuna nyingine ambazo hazigusi saratani kabisa, bali hufungua breki za kinga yenyewe, na ndizo zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel ya mwaka 2018.

Bei siwezi kuipita, maana ndiyo swali la pili la mama mdogo. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha ya kwanza kati ya zile zinazofanana nayo kutoka kwa watengenezaji wengine. Haziitwi nakala kama za panadoli, kwa kuwa protini inayotengenezwa na seli hai haitoki sawa nukta kwa nukta hata kwa mtengenezaji wa kwanza. Mizani inayotumika ni kama tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya na bima ya NHIF ya wakati huo ziliingia mkataba na kampuni ya Roche ili wagonjwa wapate Herceptin kwa gharama ya bima. Kuna pia utafiti wa Uingereza wa wanawake zaidi ya 4,000 uliolinganisha miezi sita ya dawa na kumi na miwili. Baada ya miaka minne, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 kwa miezi sita na 89.8 kwa kumi na miwili, na madhara ya moyo yalikuwa machache kwa wa muda mfupi. Madaktari wengi bado wanashikilia mwaka mzima. Kwa maoni yangu, mahali ambapo uchaguzi ni miezi sita au hakuna kabisa, mjadala huo una sura nyingine.

Ila dawa na bima vyote vinangoja kile kipimo cha duara la kahawia. Kinyama kisipowekwa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi, kwa wakati, kikichelewa njiani siku mbili kwenye joto, rangi hutoka ovyo na 3+ inaweza kusomeka 1+. Mama yeyote akiuliza "kinyama changu kiliwekwa kwenye dawa saa ngapi?" hajavuka adabu.

Kwenye foleni ya dripu, mama mdogo alikaa na mwanamke wa makamo kutoka Lunga Lunga, mwenye karatasi ya miaka minne nyuma. Wakalinganisha karatasi kama wanafunzi walinganishavyo majibu. Ya yule iliandikwa HER2 hasi, na kando yake, kwa herufi ndogo, 1+. Alikuwa karibu kuitupa, alisema, kwa vile iliambiwa hasi. Mama mdogo akaikunja mara mbili, akamrudishia mkononi, akamwambia, "Ingia nayo kwa daktari leo. Mwonyeshe hapo padogo."